Kipandauso na Kikomo cha Bima: Dawa Zikimalizika Kabla ya Mwezi, Mgonjwa Afanye Nini?

SWALI:

Mke wangu ni mwalimu wa skuli, na anaumwa na kipandauso tangu usichana wake. Daktari kamuandikia vidonge vya sumatriptan na vinamfaa. Tatizo ni bima ya kazini kwake: inatoa idadi maalumu kwa mwezi, vikimalizika anaambiwa asubiri mwezi ujao. Mwezi uliopita viliisha tarehe 11. Dada yangu, yaani wifi yake, ana kadi ya bima hiyo hiyo na haumwi na kitu. Amesema yuko tayari kwenda yeye hospitali, aseme anaumwa kichwa, aandikiwe, kisha dawa ampe mwenzake. Je, inajuzu? Na je, bima yenyewe ni halali? Tena mdogo wa mke wangu yuko Marekani, ana maradhi haya haya, bima yake inampa vidonge tisa tu kwa mwezi, na anataka tumnunulie huku tumpelekee. Tunaomba utuongoze. Jazaakallahu khayran.

JIBU:

Sifa zote njema anastahiki Allah, Mola wa viumbe vyote. Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (swalla Allahu alayhi wa sallam), ahli zake, Maswahaba zake na wote waliowafuata kwa wema. Amma baad.

Maswali ya namna hii yametufikia zaidi ya mara moja, kutoka Unguja na Pemba, na mengine kwa ndugu zetu walioko nje. Kwa hiyo tumeona tulijibu hili kwa urefu, ili kila nyumba yenye mgonjwa wa kipandauso ipate cha kurejea.

JIBU KWA UFUPI

1. Kutumia kadi ya wifi haijuzu, hata kama maumivu ni ya kweli na nia ni njema. Ni uongo na ni khiyana ya amana.

2. Bima ambayo mtu anakatwa kazini kwa lazima hana dhambi kuitumia kwa haki yake aliyopangiwa.

3. Kikomo cha dawa si mwisho wa njia. Mgonjwa ana haki ya kuuliza, kuleta hoja ya daktari, kukata rufaa, na kununua nyongeza kwa fedha zake. Kufanya hivyo hakupingani na subira wala tawakkul.

4. Kabla ya kudai vidonge zaidi, mgonjwa ahesabu siku anazokunywa dawa. Huenda dawa zenyewe zimeshakuwa sehemu ya maradhi.

5. Kumpelekea mtu Marekani dawa za cheti ndani ya sanduku la nguo si njia sahihi. Huko kuna njia ya halali na tutaieleza.

Sasa tuingie katika ufafanuzi.

KIPANDAUSO NI MARADHI, SI KISINGIZIO

Wapo wanaodhani kuwa kipandauso ni kuumwa kichwa tu, na kwamba mwanamke anayejifungia chumba cha giza anakwepa kazi. Hili ni kosa. Kipandauso ni maradhi ya mfumo wa fahamu. Kichwa huuma kwa kupwita, mara nyingi upande mmoja, pamoja na kichefuchefu au kutapika, na mgonjwa huchukizwa na mwangaza na kelele. Bila ya dawa huweza kudumu kuanzia saa 4 hadi saa 72. Baadhi ya wagonjwa huona vimulimuli au mistari inayomeremeta kabla ya kichwa kuanza. Wanawake hupata zaidi kuliko wanaume, kiasi cha mara tatu, na wengi kichwa huwajia karibu na siku za hedhi. Mara nyingi maradhi haya hutembea ndani ya ukoo, ndiyo maana muulizaji ametaja dada wawili.

Waarabu wanayaita shaqiqa, kwa sababu ya kushika ubavu mmoja wa kichwa. Katika Sahihi Bukhari imo Hadithi ya Ibn Abbas (radhiyallahu anhuma) kwamba Mtume (swalla Allahu alayhi wa sallam) alipiga chuku kichwani, naye akiwa katika ihram, kwa sababu ya shaqiqa iliyompata. Basi anayemdharau mwenye kipandauso akumbuke kuwa maumivu haya yamemfika kiumbe bora kuliko wote, na yeye hakuyapuuza bali aliyatafutia tiba, na hali yuko katika ibada.

Hapa naomba nikiri kosa langu mwenyewe. Miaka mingi nyuma, nikisomesha chuoni, alikuja mama mmoja na binti yake anayelia kwa kichwa. Niliwaandikia kombe, nikawasomea, nikawaambia wastahamili. Sikuwauliza hata mara moja kama wamekwenda hospitali. Yule binti alikaa zaidi ya mwaka mzima akidhani kuwa kwenda kwa daktari ni upungufu wa imani, kwa sababu mimi nilinyamaza. Kusomewa Qur'ani si kosa, ni rehma. Kosa langu lilikuwa kumfungulia mlango mmoja na kumfungia wa pili. Katika Hadithi ya Usama bin Sharik, waliyoipokea Abu Dawud na Tirmidhi, Mabedui walimuuliza Mtume (swalla Allahu alayhi wa sallam) kuhusu kujitibu, naye akawaamrisha watafute dawa, akawaeleza kuwa Allah hakuteremsha maradhi ila ameyawekea dawa, isipokuwa uzee.

KWA NINI BIMA INAWEKA KIKOMO

Kabla ya kulalamika ni vizuri kufahamu. Bima huweka kikomo kwa sababu tatu, na sababu hizi hazina uzito sawa.

Ya kwanza ni gharama. Mfuko ni wa wengi, na kila kidonge anachopewa mmoja kinatoka katika michango ya wote. Sababu hii ina haki ndani yake, lakini pia ndiyo inayoweza kuleta dhulma pale mfuko unapobana mgonjwa wa kweli ili kubakisha fedha.

Ya pili ni udanganyifu. Watu wamekuwa wakichukua dawa kwa kadi za wenzao, wengine wakaziuza madukani. Kila anayefanya hivyo anamkazia kamba mgonjwa mwaminifu. Wifi akiazima kadi leo, kesho fomu inaongezwa ukurasa mwingine.

Ya tatu ni afya ya mgonjwa mwenyewe, na hii watu wengi hawaijui. Dawa za kutuliza kipandauso zikitumiwa siku nyingi mno, kichwa huzoea, na mgonjwa huanza kuumwa kwa sababu ya dawa. Madaktari wana mipaka inayojulikana: dawa za jamii ya triptan, ambayo sumatriptan ni mojawapo, zikitumiwa siku 10 au zaidi kwa mwezi kwa zaidi ya miezi mitatu, zinaweza kuleta maumivu haya. Hivyo hivyo dawa za mchanganyiko na zile zenye asili ya afyuni kama kodeini. Kwa panadoli ya kawaida, ibuprofen, diclofenac na mfano wake, mpaka ni siku 15 kwa mwezi.

HESABU SIKU, SI VIDONGE

Nilimpigia simu muulizaji kabla ya kuandika jibu hili. Nikamuomba mkewe achukue kalenda, atie alama kila siku aliyomeza dawa yoyote ya kichwa, iwe ya hospitali au ya dukani. Alikuwa anakumbuka vizuri, kwa sababu kila siku ya namna hiyo alikuwa amekosa kitu: kipindi darasani, arusi, au sala ya tarawehe msikitini.

Vidonge vya bima alikuwa amevitumia kwa siku tisa. Lakini baada ya tarehe 11 alikuwa akinunua panadoli na diclofenac dukani. Jumla ya siku zote ilikuwa 19. Na aliporudi nyuma miezi mitatu, alikuta hali ni hiyo hiyo, kila mwezi ikizidi kidogo.

Mume aliponisomea hesabu ile alinyamaza, kisha akasema, "Sheikh, sisi tulikuwa tunatafuta vidonge zaidi." Nikamwambia, na bado huenda mkavihitaji, lakini si hivyo tu mnavyohitaji. Anachohitaji mkewe ni daktari aione kalenda ile.

Hatusemi kwamba bima ilikuwa na haki katika kila jambo. Bima ilimwambia "subiri mwezi ujao" na ikamuacha na maumivu yake, bila ya mtu kumuuliza kwa nini vidonge vinaisha mapema. Kikomo bila ya maelezo ni kama mlango uliofungwa bila ya kuambiwa mwengine uko wapi. Lakini kuvunja mlango kwa kadi ya wifi kungemuongezea dawa mtu ambaye dawa zimeshaanza kumdhuru.

HATUA ZA KUFUATA

Haya ndiyo tunayomshauri kila mwenye tatizo hili, kwa mpangilio:

Kwanza, uliza kikomo chenyewe. Watu wengi wanaambiwa dirishani "bima imekataa" na wanarudi nyumbani. Uliza: imekataa nini? Dawa haimo katika orodha yao? Imo lakini kwa idadi maalumu? Imo lakini inataka idhini ya daktari bingwa? Haya ni mambo tofauti na kila moja lina dawa yake. Omba jibu kwa maandishi, pamoja na sababu. Kwa walio katika Mfuko wa Huduma za Afya Zanzibar, ulioanzishwa kwa sheria ya 2023, au Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya wa Bara, ulioanzishwa kwa sheria ya 1999, nendeni katika ofisi za mfuko wenyewe mkaulize, msitosheke na maneno ya dirishani. Vitita na orodha hubadilika, na jibu la mwaka jana huenda si la leo.

Pili, weka daftari la kichwa. Daftari la skuli linatosha. Andika tarehe, saa kilipoanza, dawa uliyokunywa na idadi yake, kama ilifaa, na kama uko katika hedhi. Andika pia kama ulikosa kula, ulikosa usingizi, au ulikaa juani. Miezi mitatu ya daftari ina nguvu mbele ya daktari na mbele ya bima kuliko maneno elfu.

Tatu, zungumza na daktari kuhusu dawa za kinga. Hizi hazinywewi kichwa kinapouma, bali kila siku ili kupunguza idadi ya vichwa. Zinazojulikana ni propranolol na amitriptyline, ambazo ni dawa za zamani na bei yake si kubwa, na topiramate. Kila moja ina masharti: propranolol haifai kwa mwenye pumu, topiramate na valproate zina hatari kwa mtoto aliye tumboni, na kwa hiyo mwanamke wa umri wa kuzaa asipewe bila ya kuelezwa wazi. Dawa ya kinga huchukua wiki kadhaa kabla ya kuonesha faida, basi mgonjwa asiiache baada ya siku nne akisema haifai. Mara nyingi hapa ndipo tatizo la kikomo linapomalizika: vichwa vikipungua kutoka kumi na tano hadi vitano, vidonge vya bima vinatosha.

Nne, omba barua ya daktari. Ikiwa kinga imejaribiwa na bado idadi haitoshi, daktari aiandikie bima: jina la maradhi, dawa zilizojaribiwa na matokeo yake, siku za kazi zilizopotea, na idadi anayoiomba. Barua isiyo na tarehe na hesabu hukataliwa haraka.

Tano, kata rufaa. Kukataliwa mara ya kwanza si hukumu ya mwisho. Andika, weka nakala, na fuatilia. Kudai haki kwa adabu ni katika dini. Kunyamaza kwa haya, kisha ukaingia katika udanganyifu kwa siri, ndiko kusiko katika dini.

Sita, nunua nyongeza kwa fedha zako, kwa cheti cha daktari. Kikomo cha bima kinahusu kile inacholipa bima. Hakikukatazi kununua dawa uliyoandikiwa. Sumatriptan sasa hutengenezwa na viwanda vingi na si lazima iwe ya chapa ya ghali. Lakini mpaka wa siku tulioutaja haubadiliki kwa sababu mlipaji amebadilika. Na usizidishe miligramu 200 za vidonge ndani ya saa 24.

Pia wapo wasiofaa kutumia triptan kabisa: mwenye maradhi ya mishipa ya moyo, aliyewahi kupata kiharusi, na mwenye presha isiyodhibitiwa. Hii peke yake inatosha kuonesha hatari ya kugaiana vidonge majumbani.

KWA ALIYEKO MAREKANI

Vidonge tisa kwa mwezi anavyopewa mdogo wa mke wa muulizaji ni idadi ya kawaida katika bima nyingi za Marekani kwa sumatriptan, kwa kuwa pakiti yake ni ya vidonge tisa. Kuko huko pia kuna masharti mawili mengine: idhini ya awali, yaani bima ikubali kabla dawa haijatolewa, na kupanda ngazi, yaani ujaribu dawa za bei nafuu kwanza kabla ya kupewa za ghali. Sindano mpya za kinga ya kipandauso, ambazo ya kwanza yao, erenumab, iliidhinishwa huko 2018, mara nyingi huwekewa masharti yote mawili.

Lakini huko sheria ya afya ya 2010 imempa mgonjwa njia ya wazi. Kwa bima nyingi, mtu aliyekataliwa ana siku 180 tangu kupata barua ya kukataliwa kukata rufaa ndani ya bima yenyewe. Ikiwa hali ni ya dharura, jibu linatakiwa litoke ndani ya saa 72. Akikataliwa tena, ana miezi minne kuomba mapitio ya nje, ambapo mtu asiyekuwa wa bima huangalia shauri hilo kama sababu ni ya kitabibu, na uamuzi wake huifunga bima. Daktari anaweza kuombea idadi zaidi ya tisa kwa kueleza sababu. Na akitaka kununua ziada kwa fedha zake, aulize bei katika maduka tofauti, kwa kuwa bei za huko hutofautiana sana hata ndani ya mji mmoja.

Basi dada huyo aambiwe atumie haki hizi. Kumpelekea dawa za cheti kutoka Darajani ni kumuweka yeye katika matatizo na sheria za nchi aliyoingia kwa ahadi ya kuzifuata, na ni kumpa dawa ambayo hakuna daktari anayeisimamia. Katika Hadithi waliyoipokea Abu Dawud, Nasai na Ibn Majah, Mtume (swalla Allahu alayhi wa sallam) amembebesha dhamana mtu anayetibu watu na hali hajulikani kwa utabibu. Mapenzi ya dada hayamfanyi mtu kuwa mfamasia.

HUKUMU YA BIMA YENYEWE

Wanazuoni wa zama hizi wamelijadili sana jambo la bima. Majmau ya Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha Jidda mwaka 1985, iliamua kuwa bima ya kibiashara yenye malipo maalumu ina gharari kubwa inayoharibu mkataba, na kwa hiyo ni haramu. Ikaelekeza kwenye badala yake, yaani bima ya ushirikiano inayosimama juu ya tabarrui na kusaidiana. Hii ndiyo asili ya takaful, ambayo sasa imeshafika kwetu Zanzibar.

Mifuko ya umma ya afya, ambapo watu huchangia ili aliye mzima amsaidie mgonjwa na haikuanzishwa kugawana faida kwa wenye hisa, iko karibu zaidi na ushirikiano kuliko biashara, na wanazuoni wengi wameiruhusu. Ama bima ya kibiashara ambayo mwajiri amemuingiza mfanyakazi bila ya hiari yake, dhambi haiko juu ya aliyelazimishwa, na anaweza kutibiwa kwayo. Mwenye uwezo wa kuchagua na akaipata ya takaful, basi aichague hiyo.

KADI YA WIFI NA HILA NYINGINE

Mwenyezi Mungu ameanza Suratul Maida kwa kuwaamrisha waumini watimize mikataba, na katika Suratun Nisaa aya ya 58 ameamrisha amana zirejeshwe kwa wenyewe. Kadi ya bima ni mkataba na ni amana. Yafuatayo hayajuzu:

– Kutumia kadi ya mtu mwengine, au kumpa mwengine kadi yako, hata akiwa ndugu wa tumbo moja.

– Kumuomba daktari aandike maradhi usiyokuwa nayo, au amuandikie mtoto dawa ya mama. Hapa daktari anaingizwa katika ushahidi wa uongo.

– Kuuza vidonge vilivyolipiwa na bima. Vimetolewa kwa matibabu yako, si kwa biashara.

– Kuendelea kuchukua dawa kwa kadi ya aliyefariki kabla jina lake halijaondolewa.

Na je, si dharura? Dharura huhalalisha kilichokatazwa pale njia ya halali inapokosekana. Hapa njia zipo: daktari, kinga, rufaa, kununua, kusaidiwa. Aliye na njia hawezi kudai dharura. Na ikiwa mtu alishafanya hivyo bila ya kujua, atubie, aache, na kama ana uwezo arejeshe thamani kwa mfuko kwa njia isiyomletea madhara.

Linalojuzu ni kubakisha vidonge vyako mwenyewe vya mwezi huu ukavitumia mwezi ujao, maadamu muda wake haujapita. Hivyo ni vyako.

GHARAMA NI YA NANI?

Muulizaji hakuuliza hili, lakini nyumba nyingi zinaliulizia kimya kimya. Bima ikikataa, mume huweza kusema, "Kadi yako hiyo, mshahara wako huo." Katika vitabu vya kale vya madhehebu yetu ya Shafi, dawa na ujira wa tabibu havikuhesabiwa katika nafaka ya lazima ya mke, kwa sababu wakati ule matibabu hayakuwa haja ya kila siku. Lakini wanazuoni wa zama hizi, akiwemo Sheikh Wahba az-Zuhayli (rahimahullah), wamebainisha kuwa hali imebadilika, na matibabu leo ni haja ya msingi kama chakula, hata zaidi, kwani mgonjwa halili hata hicho chakula. Huu ndio mwelekeo tunaoufuata katika fatwa. Na aya ya 19 ya Suratun Nisaa imewaamrisha waume wakae na wake zao kwa wema. Si katika wema kumla mtu afya yake akiwa mzima, ukamwachia bili akiumwa.

Mke asiye na uwezo wala mume mwenye uwezo, jamaa na majirani wanaweza kumsaidia. Ikiwa ni fakiri au maskini, anastahiki zaka kwa mujibu wa aya ya 60 ya Suratut Tawba, na anaweza kuitumia kununua dawa. Kamati za misikiti zinazogawa mchele Ramadhani zifikirie pia cheti cha dawa. Mgonjwa mmoja wa kipandauso akilipiwa miezi mitatu ya dawa ya kinga, huenda nyumba nzima ikasimama.

SALA NA SAUMU

Mwenye kichwa kilichomshika asali kwa kadiri awezavyo. Katika Hadithi ya Imran bin Huswayn iliyomo katika Bukhari, mgonjwa husali kwa kusimama, asipoweza kwa kukaa, asipoweza kwa ubavu. Asiyeweza kusujudu kwa kupwita kwa kichwa aashirie. Ama kukusanya sala mbili kwa sababu ya maradhi, qauli mashuhuri ya madhehebu yetu haikuruhusu, lakini Imam Nawawi aliipa nguvu dalili ya kuruhusu, nayo ni rai ya Imam Ahmad. Mwenye kutapika na asiyeweza hata kuinua kichwa anaweza kuichukua ruhusa hii bila ya kuifanya ada.

Ramadhani huwasumbua wengi, kwa kukosa maji, kuchelewa kulala, na kukatika ghafla kwa chai na kahawa. Apunguze kahawa kidogo kidogo katika Shaabani, asiache daku, anywe maji ya kutosha usiku, na aonane na daktari mapema kupanga saa za dawa. Kichwa kikimjia mchana kwa ukali, aya za 184 na 185 za Suratul Baqara zimempa mgonjwa ruhusa: afungue, anywe dawa, alipe siku nyingine. Atakayechelewesha dawa mpaka Magharibi huenda akapata mashaka makubwa zaidi, kwa kuwa dawa hizi hufaa zikinywewa mwanzo wa maumivu.

DALILI ZA KUKIMBIA HOSPITALI

Usisubiri bima wala fatwa ukiona haya: kichwa kilichoanza ghafla kwa ukali usiowahi kuujua, homa pamoja na shingo kukakamaa, kulegea upande mmoja wa mwili au ulimi kuwa mzito, kuchanganyikiwa, kichwa baada ya kuanguka, kichwa kipya kwa aliyevuka miaka 50, na kichwa kikali kwa mjamzito. Pia mwanamke anayeona vimulimuli kabla ya kichwa asitumie vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni kabla ya kumueleza daktari, kwani hatari ya kiharusi huongezeka.

KHITIMISHO

Muulizaji amenijulisha kuwa mkewe ameonana na daktari akiwa na kalenda yake, ameanzishiwa dawa ya kinga, na ameambiwa aache vidonge vya dukani. Wiki za mwanzo zimekuwa ngumu, na tunamuombea wepesi. Barua ya kuomba bima iangalie upya idadi yake imeshapelekwa. Kadi ya wifi imebaki mkobani mwa wifi, naye tunamuombea ujira wa nia yake njema, kwani alitaka kumuondolea mwenzake dhiki. Kama bado anataka kusaidia, siku kichwa kikimshika mwenzake achukue watoto, apike, afunge mapazia. Msaada huo hauna kikomo cha mwezi.

Tunamuomba Allah awaponye wagonjwa wetu, awape wepesi wanaowauguza, na awajaalie wasimamizi wa mifuko hii wawe waaminifu kwa walichokabidhiwa.

Wallahu aalam.